Zimwi Halikula Pilau

Wewe, tangu uzaliwe, umewahi kuona bahari ambayo ng'ombe wanashuka kunywa? Kama hujaona, basi hukuwepo Dutwa Jumapili jioni, kwenye banda la video nyuma ya mashine ya kusaga, ilipooneshwa *Zimwi la Bahari Kuu*: picha iliyopigwa hapa hapa, na watu wa hapa hapa, kwenye lambo la hapa hapa. Kesho yake mchana, jua la Oktoba limekaa juu ya mabati kama mgeni asiyejua kuaga, kijiwe cha kahawa kilikuwa kimefurika maoni. Kijiwe chenyewe ni ubao wa mkokoteni uliokufa zamani, umelazwa juu ya mawe mawili mbele ya meza ya fundi baiskeli, mkabala na bomba la maji ambalo wakubwa walilizindua mwaka juzi kwa utepe na hotuba. Vipande vya utepe bado vimefungwa pale kwenye koki. Maji ndiyo hayajawahi kufika.

Aliyekaa mwisho wa ubao, shati limechomekewa kama anasubiri kuitwa kwenye usaili, ni Dastan. Kijiweni wanamwita Digrii. Alisomea viumbe wa majini kwa ng'ombe wa mama yake waliogeuka ada mmoja baada ya mwingine, akavaa joho, akapiga picha, akarudi Dutwa, mahali ambapo maji makubwa kuliko yote ni lambo. Hao ng'ombe wachache walionusurika na elimu yake anawanywesha yeye, kila siku jua likianza kupinda. Na kiangazi hiki lambo limenywea mpaka katikati. Ukitaka mnyama anywe, umtangulie wewe, uzame kwenye tope hadi magotini, maji yakufike kiunoni, umfungulie njia. Wiki iliyopita mtamba wao alinasa mle, akavutwa kwa kamba na wanaume wazima mpaka viganja vikachubuka. Kilichokuwa kinamshikilia chini, wote walikubaliana, ni tope.

Kwa hiyo usimwone Digrii anabisha ukadhani anatetea sayansi. Anatetea miguu yake. Saa kumi alitakiwa awe majini, na kabla ya saa kumi alitaka kijiwe kizima kikubali kwamba lile zimwi lilikuwa la uongo.

— Picha mbovu, alianza yeye, kikombe mkononi. Low budget nimeona, lakini ile haikuwa na budget kabisa. Meli ni tela la trekta! Tena kamera ikizunguka unaona namba ya usajili nyuma.

— Naomba kutoa taarifa, alidakia fundi baiskeli, Januarius, ambaye jina lake la kijiweni ni hilo hilo, Taarifa. Meli zote duniani zina namba. Usiongee kitu hujapanda.

— Na wewe umepanda?

— Mimi ni Kapteni.

Hapo ubao ulicheka mpaka ukalia. Kweli, kwenye picha Taarifa ndiye Kapteni. Alivaa koti la mvua la bodaboda, akashika rimu ya baiskeli kama usukani, akapiga kelele “Nanga! Nanga!” mpaka zimwi likamshika mkono.

— Kapteni wa tela, alisema Maduhu. Huyu ni dalali wa ng'ombe, wanamwita Mnada, kwa sababu hata akiwa na watu watatu huongea kama yuko mbele ya mia tatu. Akaendelea: Mimi kilichoniudhi ni damu. Damu gani ile ya juisi ya rozela? Nzi wamejaa! Wahenga walisema damu nzito kuliko maji, ile ilikuwa nyepesi kuliko uji wa mgonjwa.

— Wahenga hawakumaanisha hivyo, Mnada, alisema Digrii.

— Wewe ulikuwepo wanamaanisha?

— Bahari yenyewe, Digrii aliendelea, bahari! Ng'ombe wako kule ng'ambo wanakunywa maji. Ya chumvi! Director hakuona? That is a continuity error, hata mtoto wa chekechea anaona.

— Ng'ombe wanapenda chumvi, alisema Mnada.

— Na maji ya kifuu ni bahari ya chungu, aliongeza Taarifa akiinua spana. Maana yake hata chungu cha kupikia kina bahari yake. Sembuse lambo.

Digrii alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa.

Mwuza kahawa, Apolonia, mama wa makamo mwenye kanga kiunoni na birika lisilokubali kupoa, alikuwa akiwasikiliza tu. Yeye ndiye aliyewapikia waigizaji siku ya kupiga picha. Alijaza kikombe cha Taarifa, akasema polepole:

— Lakini lile zimwi lenyewe, ng'wana wane, mwanangu, lilikuwa vizuri.

Hakuna aliyebisha. Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Kila kitu kwenye ile picha kilikuwa kibovu, tela bovu, damu mbovu, sauti inamezwa na mashine ya kusaga, halafu linatoka zimwi, na banda zima linanyamaza. Halikunguruma. Halikukimbia. Lilipanda tu kutoka majini, polepole, jeusi, mabega yameshuka, maji hayachuruziki kutoka mwilini mwake kama yanavyochuruzika kwa mtu. Watoto waliokuwa wamekaa chini mbele walirudi nyuma wote kwa pamoja, na hakuna aliyewaambia.

— Ni ngozi, mama yangu, mayu, alisema Digrii haraka. Ngozi za ng'ombe zilizoshonwa. Salvatory mwenyewe, dairekta, aliniambia kabla hajaenda Mwanza kutafuta soko. Alimwagiza fundi mmoja wa Ipililo, mshona ngozi za ngoma. Ngozi mbichi, zikapakwa oili chafu. Mtu anaingia ndani, anafungwa kamba mgongoni. Basi. Case closed.

— Naomba kutoa taarifa, alisema Taarifa. Hata huyo mtu wa ndani alikuwa fundi mwenyewe. Salvatory alituambia: msimsumbue, kamba zile anazijua yeye peke yake, kwa hiyo atavaa mwenyewe. Na yule bwana, nawaambia, ana nidhamu ya kazi! Sisi tumefika lamboni asubuhi, yeye keshavaa. Yuko majini, ametulia, anatusubiri.

— Anawasubiri? aliuliza Mnada.

— Kichwa tu juu. Salvatory akafurahi kweli. Akasema, jamani igeni mfano. Ukimwambia “nenda kushoto” anaenda kushoto. Hajibu, anafanya tu. Mchana tukamwita kwenye pilau, hakuja.

— Pilau langu hakula na wenzake, alithibitisha Apolonia. Nikasema labda Msabato, nimeweka nini humo? Nikamwekea kwenye sahani yangu ya bluu, nikaiacha ukingoni, nikamwambia ukimaliza uniletee. Mpaka leo sijaiona.

Digrii alishusha kikombe. Sahani ya bluu aliiona yeye. Iko lamboni, pale anapoingilia na ng'ombe, imeoshwa ikang'aa, imefudikizwa juu ya jiwe ili ikauke, kama wanavyofanya watu wenye adabu zao. Siku zote amekuwa akidhani mwanamke fulani aliisahau. Aliona hakuna haja ya kulisema hilo.

— Method acting, alisema badala yake. Ulaya wapo. Mwigizaji akiingia kwenye nafasi hatoki mpaka kazi iishe.

— Na kazi ilipoisha? aliuliza Mnada.

Taarifa alikuwa ameanza kusugua kiganja kwa kitambaa cha grisi. Tangu jana alikuwa akikisugua kiganja kile kile.

— Kazi ilipoisha, Salvatory kasema “kata!”, tukapiga makofi, bodaboda zikaja tukapanda.

— Na yeye?

— Alibaki majini. Tukasema anaoga.

Gari la pamba lilipita kwenda Bariadi, likawatupia vumbi.

— Mimi nitawaambia ukweli, Mnada alisema, na sauti yake ya mnadani ilikuwa imeshuka. Lile siyo la Ipililo. Mnakumbuka lambo lilipochimbwa? Katapila lilichimba, likachimba, mkandarasi akaondoka usiku bila kuaga. Kwa nini? Kwa sababu hakuona mwisho. Bahari zote chini ya ardhi zimeungana. Maji ya pale kiangazi yana ladha ya chumvi au hayana?

— Ni evaporation, Mnada! Maji yakikauka, chumvi inabaki. Kidato cha pili hicho.

— Jibu swali. Yana chumvi au hayana?

— Yanayo, lakini…

— Yanayo! Sisi hatujawahi kwenda baharini, bahari ikaona isubiri mpaka lini, imekuja yenyewe. Mgeni njoo mwenyeji apone!

— Yaya, hapana! Apolonia alishika mdomo. Usimkaribishe, Maduhu. Methali hiyo hapana. Hiyo irudishe.

— Mayu, nimeshaisema.

— Irudishe hivyo hivyo.

Mnada alitema mate pembeni, kama anairudisha. Wakacheka, lakini kicheko kilikuwa cha watu wanaotazamana nani ataacha kwanza.

— Naomba kutoa taarifa, alisema Taarifa bila kuinua spana safari hii. Lile liliponishika mkono, pale ninapopiga kelele. Ile kelele haikuwemo kwenye mchezo. Mimi nilitakiwa nicheke kwa dharau, nitoe bastola. Lakini ule mkono… ngozi ya ng'ombe ni ngumu, sivyo? Ina nywele. Inakwaruza. Ule ulikuwa laini. Na baridi. Baridi ya mahali ambapo jua halijawahi kufika.

— Alikuwa amekaa majini tangu asubuhi, Januarius. Hata mkono wako ungekuwa baridi.

— Inawezekana.

— Siyo inawezekana. Ndiyo hivyo!

Digrii alisimama. Saa ya simu yake ilikuwa inakimbilia kumi, na badala ya kijiwe kuja upande wake kilikuwa kinateremka na kumvuta. Akaamua kuwapiga na hoja ya mwisho, ile aliyokuwa ameiweka akiba tangu jana bandani.

— Sikilizeni. Tuachane na theory. Ninyi wote mmechunga. Mnyama ana silika, sivyo? Kiumbe cha ajabu kikitokea, nani wa kwanza kujua? Ng'ombe. Sasa wale ng'ombe ng'ambo ya lambo, kwenye picha, zimwi linapotoka mbele yao, walifanya nini? Nothing. Hakuna aliyekimbia, hakuna hata aliyelia. Wametulia tuli. Maana yake ni nini? Maana yake ndani ni mtu, na juu ni ngozi ya ng'ombe mwenzao tu. Finish.

Akatazama huku na huku apokee makofi.

Hakuna aliyepiga. Mnada alikuwa amemkazia macho, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefungua mlango akakuta nyumba siyo.

— Rudia, Digrii.

— Nini?

— Ulisema ngozi mbichi?

— Ndiyo. Za ng'ombe.

— Na ng'ombe hawakulia.

Hapo Digrii alitamani aimeze hoja yake nzima nzima. Kwa sababu hili halifundishwi chuo, na huku hakuna asiyelijua. Mtoto wa Kisukuma analijua kabla hajajua kuhesabu: huchuni ng'ombe karibu na zizi. Leta ngozi mbichi mbele ya kundi uone. Watakuja mmoja mmoja, wanainusa, wanakwangua chini kwa kwato, halafu wanaanza kulia kwa sauti ambayo siku nyingine yoyote huisikii, sauti ya msibani kabisa, mpaka wewe mchungaji unaona aibu kama umeingia kwenye kilio cha watu bila kuvua kofia. Ng'ombe hanyamazi mbele ya ngozi ya mwenzake. Haijatokea.

Na wale wa kwenye picha, sasa aliwaona tena vizuri, hawakuwa wametulia. Waliacha kunywa. Walisimama wote wametazama upande mmoja, masikio yamesimama, kimya.

— Labda oili chafu ilifunika harufu, alisema Digrii. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikiomba.

— Labda, alisema Mnada.

— Labda, alisema Taarifa, akisugua kiganja.

Ndipo akaja mgeni. Alikuwa anasukuma baiskeli, gurudumu la mbele limekaa chini, nyuma kwenye kerea amefunga kiroba kikubwa kwa mipira. Mtu mfupi, mwembamba, kandambili zimevaa vumbi la safari ndefu. Harufu ya kile kiroba ilifika kabla yake.

— Mwadila, alisalimia.

— Mwadila. Mhola?

— Mhola. Nani fundi hapa? Naomba anizibie pancha. Nimetoka mbali, jana nimelala Bariadi.

Taarifa alipokea baiskeli. Apolonia akamimina kahawa ya mwisho, ikatoka nusu kikombe na machicha, akampa mgeni. Na wakati huo huo Monika, mdogo wake Digrii, akatokea kwenye kona na fimbo begani, mbele yake ng'ombe wa nyumbani wakienda kunywa.

Dume jekundu ndilo lililosimama kwanza. Likainua pua. Halafu likaacha njia, likaja moja kwa moja kijiweni, watu wakasambaa, kikombe kikavunjika, wengine wakalifuata wanakimbia kwa mwendo mzito, wakaizunguka ile baiskeli, wakakinusa kiroba, wakakwangua vumbi kwa kwato. Wakaanza kulia. Walilia mpaka wateja wakatoka madukani, mpaka yule mwenye mashine ya kusaga akazima mashine.

Mgeni hakushangaa. Alikipapasa kiroba chake kwa upole, kama anakiomba radhi.

— Hata njiani ilikuwa hivi hivi, alisema. Kila kundi nililopishana nalo. Ngozi ni nyingi humu, ndiyo maana.

— Ngozi za nini? aliuliza Digrii. Alikuwa anajua.

— Mimi naitwa Thomasi, natoka Ipililo. Kuna kijana anaitwa Salvatory, aliniagiza nguo ya zimwi, ya picha. Nikamwahidi nitaivaa mwenyewe. Bahati mbaya ngozi iligoma kukauka, halafu homa ikanilaza mwezi mzima, na simu yake kila nikipiga haipatikani. Nikasema hapana, ahadi ni ahadi, nitaileta hivyo hivyo.

Akawatazama mmoja mmoja, uso wa mtu mwema anayeogopa kukemewa.

— Sasa jamani, mnisamehe kuchelewa. Hiyo picha mnaipiga lini?

Ng'ombe walilia. Taarifa alikuwa ameshika mpira wa ndani, ukimtolea upepo taratibu mkononi. Apolonia aliinamisha birika, kana kwamba jibu limebaki mle chini. Halikutoka tone.

Hatimaye kilio kikawaisha ng'ombe, kiu ikawarudia. Dume jekundu likageuka, wenzake nyuma yake, wakashika njia yao ya kila siku mpaka pale barabara inapoanza kuteremka kwenda lamboni. Pale wakasimama. Wote kwa pamoja, vichwa upande mmoja, masikio juu.

Kimya.

— Kaka! Monika aliita kutoka kule. Hawataki kushuka. Njoo uwatangulie.

Digrii alivuka barabara. Hakwenda kwa Monika, alikwenda kwenye bomba. Alisukuma vipande vya utepe pembeni, vyekundu vilivyokwisha kuwa vyeupe kwa jua, akashika koki kwa mikono miwili, akafungua mpaka mwisho. Bomba lilikohoa. Lilitoa pumzi ndefu yenye joto, na buibui mmoja.

— Mnada, alisema bila kugeuka. Simu yako ina bando?

— Lipo.

— Rekodi. Na leo nitaongea Kiswahili peke yake, wasije wakasema hawakunielewa.

Mnada aliinua simu. Kama umeiona hiyo video, kidole kinachoziba kona ni chake, usilaumu kamera.

— Ninyi mliokata utepe huu, alisema Digrii, mnajijua, sina haja ya kuwataja. Hatuwaulizi mle lamboni kuna nini. Hatuwaombi mtuletee mtaalamu, mtaalamu ni mimi, nimekaa hapa na cheti changu. Tunataka kitu kimoja: maji kwenye bomba hili, leo hii, kabla ya saa kumi. Ng'ombe wana kiu, na anayetangulia kuingia mle ni mimi.